Ndoo Tatu Juu ya Tanga

Kabla sijakwambia lolote, ndugu yangu, mchore kwanza kichwani mwako. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, kanga mbili juu ya gauni la kitenge, anateremka Raskazone pale Tanga, saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, mwezi wa Januari. Mji mzima unateremka naye. Watu wamevaa kama wanakwenda kwenye sherehe, watoto wamekaa mabegani kwa baba zao, wauza mihogo ya kuchoma wamewahi nafasi za mbele. Kila jicho liko baharini, ambako meli nne za zamani, za milingoti mirefu na kamba ambazo huwezi kuzihesabu, zimekusanyika kama harusi inayongoja kutoka.

Yeye hatazami meli nne. Anatazama moja, ile nyeusi ya milingoti mitatu. Na katika hiyo moja anatazama tanga moja tu, la mlingoti wa mbele, ambalo bado limekunjwa kwenye foromali, ile boriti ya kulibebea. Kifuani amekumbatia kifurushi chenye sindano mbili za turubai, donge la nta, na kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani. Hajanywa chai. Midomo inamchezacheza, na ukimsogelea utasikia anachosema: "Wasilitweke. Ya Rabi, wasilitweke kabla sijafika."

Huyo ni Mwamvua binti Saadi, fundi wa mahema, wa Kimandolu, Arusha. Nikueleze kilichomtoa huko.

Miaka ile unaikumbuka. Mlango wa biashara ulikuwa umefunguliwa, sukari imerudi madukani, mitumba imetandazwa mpaka kwenye kingo za barabara. Mahema ya nailoni nayo yaliingia, mepesi kama kanga, na wenye kampuni za kupeleka wageni mbugani wakaanza kuyachungulia. Karakana ya Mwamvua ilikuwa vyumba viwili vya mabati, nyuma ya barabara iendayo Moshi, na cherehani tatu kubwa, mbili nzima na moja ya kubembelezwa. Zamani mafundi walikuwa saba. Sasa walikuwa wawili, yeye na Gadiel.

Gadiel alikuwa Mmeru wa Kikwe, miaka thelathini na minne, mrefu, mwimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri kwao. Alikuja kwa Mwamvua kijana asiyejua kutia uzi kwenye sindano, akafundishwa. Mpaka leo alimwita mama Salha, kwa jina la binti yake aliyeolewa Singida, na hakuwahi kumjibu akiwa amekaa.

Ijumaa moja lori lilisimama mlangoni. Wakashuka dereva, msichana mmoja wa mjini, na mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, mkono wa kulia umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni.

"Shikamoo mama," msichana alisema. "Mimi naitwa Najat, nafanya kazi ofisi ya wakala wa meli, Tanga. Huyu ni mzee Halvor."

"Marahaba mwanangu. Mbona babu wa watu kavunjika?"

"Baharini. Kamba ilimvuta kwenye dhoruba. Yeye ndiye fundi matanga wa meli, sasa hawezi kushika sindano, na tanga la mbele limechanika siku hiyo hiyo. Meli za zamani nne zinakutana kwetu. Jumamosi ya wiki ijayo zinaondoka pamoja kwenda Dar."

Gadiel alicheka. "Dada Najat, Tanga nzima haina mshona tanga mpaka mje kwetu tunaoiona bahari kwenye kalenda?"

"Mafundi wapo, kaka. Kitambaa ndicho hakipo. Turubai nene la pamba kama hili kiwanda kimeacha kufuma. Tumeambiwa limebaki Arusha, kwa washona mahema."

Lilikuwa limebaki kweli. Jora moja, ambalo Mwamvua alikuwa amelificha chini ya kitanda cha karakana kama mtu afichavyo dhahabu. Walilishusha tanga kutoka kwenye lori, wakalikunjua uani, likafunika ua wote na nusu ya shamba la migomba la jirani. Lilikuwa limeungwa kwa kanda kanda kutoka juu mpaka chini, zote za rangi ya chai kwa uzee. Ukanda mmoja wa katikati ulikuwa umekatika vipande. Kazi ilikuwa kuutoa huo na kuweka mpya.

Mzee Halvor alipiga goti kwa shida, akashika turubai jipya kwa vidole vya mkono mzima, akasema maneno mengi. Najat akayatafsiri polepole:

"Anasema kanda hizi za zamani zilishavutika na kujikunja kadiri zinavyoweza. Hii mpya bado. Kwa hiyo isiguswe na maji hata tone, mpaka iwe juu ya mlingoti, ivutwe kwanza na upepo mkavu. Ikilowa kabla, itajikunja, itakuwa fupi kuliko wenzake, na uzito wote wa upepo utabebwa na huo ukanda mmoja. Utapasuka. Na tanga kubwa likipasuka lina ndimi za kamba na vyuma. Ndivyo alivyovunjika yeye."

Mwamvua alitabasamu, na hapo ndipo kiburi kidogo kilipomwingia, ambacho mimi simlaumu kwacho. "Mwambie baba yangu, mzee Saadi, alishona matanga Pangani kabla hajapanda bara. Mimi hilo sihitaji kuambiwa."

Ilikuwa kweli nusu. Baba yake alishona matanga. Lakini Mwamvua alizaliwa Arusha, wakati mzee yule alishageukia maturubai ya malori. Katika maisha yake yote hakuwa ameshona tanga hata moja.

Mzee Halvor alifurahi kusikia, akampa mkono wa kushoto. Kisha akaomba kitu kingine. Kwa kuwa yeye daktari amemkataza kupanda meli, je, mmoja wao angeweza kulisindikiza tanga, kulifunga, na kusafiri nalo mpaka Dar akiwa na sindano mkononi?

Mwamvua alimtazama Gadiel. Gadiel alitazama nyuma yake, kama kuna mwingine aliyeitwa.

"Mimi? Mama Salha, mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni ziwa Duluti!"

"Na Duluti wanasema halina chini," Mwamvua alimjibu. "Bahari angalau ina chini. Ukizama utafika."

Walicheka wote, mpaka mzee Halvor aliyekuwa hajaelewa. Gadiel akakubali. Jioni hiyo aliondoka kwenda Kikwe kumwambia mkewe, akiimba barabarani.

Walishona Jumamosi, Jumapili baada ya ibada, Jumatatu, Jumanne. Mshono wa kwanza wa kushoto, mshono wa kwanza wa kulia, kisha mishono ya pili ya kukandamiza, kisha upindo wa juu na wa chini. Majirani walikuja kutazama. Watu waliozoea kumuuliza Mwamvua lini atafunga duka sasa walimuuliza meli yake itaondoka lini. Jumatano asubuhi ulibaki mshono mmoja na kuipaka nta mishono yote. Nta ikawa imekwisha. Gadiel akadandia gari kwenda Kikatiti, kwa mrina asali mmoja wanayemjua.

Sasa nisikilize vizuri. Karakana zile za Arusha zina desturi yao. Hema likimalizika, halipelekwi kwa mwenyewe hivi hivi. Linasimamishwa uani na kunyweshwa. Ndivyo wanavyosema, kulinywesha hema. Unamwaga ndoo za maji juu ya mishono, uzi wa pamba unavimba, tundu za sindano zinazibika, likikauka halivuji tena. Mwamvua alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Alimaliza mshono, alikata uzi kwa meno, alisema Alhamdulillahi, alichota maji kwenye pipa. Mikono yake ilijua njia kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye pipa kama punda ajuavyo njia ya nyumbani.

Jumatano ile alimaliza mshono wa mwisho saa tatu. Akakata uzi kwa meno. Akasema Alhamdulillahi. Akilini alikuwa anamwona baba yake akiinama juu ya turubai la lori, na alikuwa anamwambia, "Baba, nimeshona tanga." Pipa lilikuwa limejaa maji ya mfereji, baridi ya mlima Meru bado imo ndani yake. Akamwaga ndoo ya kwanza juu ya ukanda mpya, tangu juu. Akamwaga ya pili, katikati. Alikuwa amemwaga ya tatu, ndoo bado imeinama mkononi, ndipo akasikia sauti ya Najat kama mtu yuko nyuma yake: hata tone.

Alisimama hapo. Maji yalikuwa yanajichora njia kwenye turubai.

Alivua kanga ya juu akaanza kukausha, akajua mwenyewe ni kazi bure. Jua la Januari lilikuwa kali. Kufikia saa sita ukanda ulikuwa mkavu, mweupe, mzuri, na pande zake zote mbili kanda za zamani zilikuwa zimejikunyata kama ngozi pembeni ya kovu. Alichukua futi akapima. Alikuwa ameukata futi ishirini na nne. Sasa ulikosa shibiri moja na nusu.

Jora lilikuwa limekwisha. Lori lingekuja kesho asubuhi.

Akafumua. Alifumua mishono ya pembeni kutoka chini mpaka katikati, akaachia upindo wa juu, akaachia upindo wa chini, akaivuta pamba kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akaushona tena. Alishona kwa muda wa saa nne bila kuinua uso. Alipopima tena, ulikosa vidole vinane. Vidole vinane havionekani uani. Lakini fundi akiinamia angeona kitu kingine: kandokando ya mshono mpya zilikuwepo tundu za mshono uliofumuliwa, mstari mzima, kama nyayo za mtu aliyepita akarudi.

Gadiel aliingia saa kumi na moja na donge la nta kwenye jani la mgomba. Alitazama pipa. Alitazama tope uani. "Mvua imenyesha hapa peke yake?" akauliza.

"Nimefua," Mwamvua alisema.

"Haya." Akakaa chini, akaanza kupaka nta. Alipofika kwenye ule ukanda alipaka taratibu, mshono na kando ya mshono, akirudia, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwamvua alimshukuru Mungu kwamba hakuona.

Alhamisi asubuhi Gadiel alipanda lori na tanga lake, amevaa koti la kwaya la bluu. Mwamvua alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza dereva akawasha injini. Mara ya pili Gadiel akapunga mkono. Alichofikiria, na hapa sitamficha, ni jina. Watu watasema binti Saadi, mtoto wa mshona matanga, alilimwagia tanga maji kama mtoto anayecheza. Akajiambia upepo utaunyoosha. Vidole vinane ni nini?

Angeweza kukaa na hilo. Watu wengi hukaa. Lakini saa saba mchana alikuja Naisiae, mke wa Gadiel, kutoka Kikwe, mtoto wa miezi saba mgongoni, ndizi kichwani, chupa ya maziwa mkononi.

"Shikamoo mama Salha. Nimekuletea ndizi. Baba Elia kaondoka salama?"

"Marahaba. Kaondoka salama kabisa."

Naisiae alikaa kwenye benchi, akamgeuza mtoto akamnyonyesha. "Mimi nilimkatalia," alisema. "Nikamwambia, wewe hata kwenye mfereji unavuka kwa kushika mti. Akaniambia, Naisiae, hilo tanga tumelishona na mama Salha, hakuna mshono wa mama Salha uliowahi kuachia. Basi nikanyamaza." Akainua macho. "Ni kweli, mama? Ni salama?"

Mtoto aliacha kunyonya akamgeukia Mwamvua, kama naye anangoja jibu.

"Salama," Mwamvua alisema.

Naisiae alipoondoka, neno lile lilibaki kwenye karakana. Mwamvua alilisikia kila alipokanyaga cherehani. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa stendi, kifurushi kifuani. Basi liliharibika Korogwe, likatengenezwa, likaharibika tena Muheza. Alifika Tanga usiku, akalala kwa shangazi yake Ngamiani, na Jumamosi, hata chai hakungoja.

Ndiyo hapo tulipomwacha, anateremka.

Alipofika chini aliona kwamba boti ndogo zilizokuwa zinapeleka watu kwenye meli zimeshafungwa. Meli ya kwanza, nyeupe, ilikuwa imeanza kusogea. Watu wakashangilia. Alisukuma, akasukumwa, mwanamume mmoja akamwambia, "Mama, hata ukifika mbele hawakuchukui!" watu wakacheka. Kisha akaona ndevu nyeupe na mkono wa plasta, kwenye kiti, chini ya mwavuli. Pembeni yake Najat, na darubini.

"Mama Salha!" Najat aliruka. "Umekuja kumwona fundi wako? Njoo, yule pale, koti la bluu!"

"Waambie wasitweke lile tanga la mbele."

"Nini?"

"Ita meli. Piga simu, pungeni kitambaa, fanyeni lolote. Lile tanga nililimwagia maji. Ndoo tatu. Alichokataza ndicho nilichofanya, kisha nikafumua nikaficha. Lina upungufu wa vidole vinane." Alikuwa analia sasa bila kujali watu. "Mwambie babu. Mwambie yote, usipunguze."

Najat alimtazama kwanza, kama anataka kumpa nafasi ya kurudisha maneno yake. Halafu akamwinamia mzee Halvor akasema. Mzee hakushtuka. Alikunja uso, akauliza swali fupi.

"Anauliza," Najat alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ni wewe au ni Gadiel?"

"Gadiel vipi?"

"Juzi walipolikunjua pale gatini mzee aliona tundu za kufumua. Akauliza. Gadiel akasema ni yeye. Alisema wewe ulikuwa umekwenda Kikatiti kutafuta nta, yeye akalinywesha kwa mazoea ya mahema, akafumua ili usijue. Akaomba mzee asikwambie."

Mwamvua aliligeukia lile koti la bluu kule melini, Najat akaendelea.

"Mzee alimwambia lipo tanga dogo la akiba, waweke hilo, meli itakwenda polepole. Gadiel akakataa. Akasema wakiliacha, kesho Arusha nzima itajua karakana ya mama Salha imeshindwa tanga. Akasema litwekwe, yeye atakaa chini yake na sindano mpaka Dar. Nahodha akakubali kwa sharti moja, upepo ukizidi litateremshwa."

Mngurumo ulipita katika watu. Kule kwenye meli nyeusi, wanaume walikuwa juu ya foromali, wamejipanga kama ndege kwenye waya, na tanga la mbele likaanguka likafunguka.

Najat alimpa darubini. Kwenye vioo bahari ikawa inapanda na kushuka, mpaka alipozuia kiwiko kwenye kifua. Akauona ukanda wake. Mweupe katikati ya kanda za rangi ya chai, umenyooka kama kamba ya nguo, wakati wenzake kulia na kushoto walikuwa bado wamelegea. Na chini yake, juu ya kasha, koti la bluu.

"Ndani ya ghuba hakuna neno," Najat alisema, akitafsiri maneno ya mzee. "Huu ni upepo mdogo wa asubuhi, unatoka bara. Wakipita kile kisiwa, kaskazi itawapiga. Hapo ndipo."

Meli ya kwanza ilipita kisiwa, ikainama kidogo, watu wakapiga vigelegele. Ya pili. Nyeusi ilikuwa ya tatu. Mwamvua alikuwa ameacha kuomba. Alikuwa anashona. Vidole vyake juu ya darubini vilikuwa vinarudia ule mshono wa Jumatano, pale alipokaza, pale alipoharakisha kwa sababu mguu ulimuuma, pale katikati ambapo kufumua kuliishia na ambapo, alijua, uzi mpya na uzi wa zamani zilikutana kwa fundo moja tu. Ukiachia, utaachia hapo.

Kaskazi ilifika. Uliona bahari ikibadilika rangi kabla upepo haujaifikia meli. Kisha tanga la mbele likajaa kwa kishindo ambacho ufukweni hawakukisikia, ila mzee Halvor alifumba macho kana kwamba amekisikia. Kanda zote zilivimba. Ule mmoja haukuvimba. Ulikaza.

Na katikati yake Mwamvua akaona mwanga.

Mwanzo ulikuwa mstari mwembamba wa nukta, jua likipita kwenye tundu za sindano. Zile tundu alizozitoboa mara mbili. Nukta zikarefuka. Mbili zikaungana, zikawa mdomo.

"Unaachia," alisema. "Unaachia, Najat, wateremshe!" Mzee alikuwa amesimama, anasema peke yake kwa lugha yake. Mdomo ule ulikuwa umefika ukubwa wa ngumi. Ukubwa wa kichwa cha mtoto. Koti la bluu likasimama juu ya kasha, likanyoosha mkono juu, halikufika. Likawageukia wengine likapunga.

Kisha foromali ikaanza kuteremka. Taratibu, tanga likapoteza upepo, likapigapiga kama shuka, na mara moja, mbili, pembe yake ikapita juu ya kichwa cha Gadiel. Mara ya tatu hakuonekana.

Sijui ni muda gani. Mwamvua anasema alisoma Fatiha nzima. Halafu koti likainuka tena upande wa pili wa ule ukanda, mkono mmoja umeushika, mwingine unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Anashona. Mwamvua alimjua kwa namna alivyovuta uzi, kwa kuuzungushia kiwiko, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha.

"Fundo mbili pale," alimwambia, naye Gadiel yuko maili mbili mbali. "Mbili, Gadi. Usifunge moja kama mimi."

Meli ilipita nyuma ya mwamba wa mwisho, tanga likiwa nusu mlingoti, koti la bluu bado linakwenda na kurudi. Ikapotea. Meli ya nne ikashangiliwa. Watu wakaanza kurudi nyumbani.

Mzee Halvor alimshika bega kwa mkono wa kushoto akasema kitu. Najat akatafsiri. "Anauliza kama unataka amwambie Gadiel kwamba ulikuja."

Mwamvua alifunga kifurushi chake. "Mwambie asimwambie kwanza. Nitamwambia mwenyewe."

Meli zilifika Dar Jumatatu. Gadiel aliingia karakana Alhamisi asubuhi, midomo imebabuka kwa chumvi, alama nyekundu ya kamba shingoni, amebeba samaki mkavu kwa ajili ya Mwamvua. Naisiae alikuwa amekuja naye kutoka Kikwe, ameng'ang'ania mkono wake kama atarudi tena baharini.

"Unaona, mama Salha?" Naisiae alisema. "Ulisema salama, ikawa salama!"

"Habari za bahari?" Mwamvua alimuuliza Gadiel.

"Nzuri. Ina chini, ila sikwenda kuangalia." Akacheka, akatundika koti. "Tanga nalo halikunisumbua. Liliomba nyuzi kidogo tu mwanzoni, basi, likaenda mpaka Dar. Mabaharia wakaniuliza nani kashona, nikawaambia binti Saadi."

Mwamvua alimtazama shingoni. Gadiel akaivuta kola.

Uani kulikuwa na hema lililomalizika, la watu wanne, limesimamishwa tangu jana na halijanyweshwa. Gadiel alilizunguka, akapima mishono kwa kidole gumba, akaenda kwenye pipa. Alichota ndoo ya kwanza, lakini hakumwaga. Alirudi nayo mpaka aliposimama Mwamvua, akamwekea mbele ya miguu, akasimama kando, mikono nyuma, kama alivyosimama siku ya kwanza alipokuja kujifunza.

"Linyweshe wewe, mama Salha," alisema. "Mkono wako unajua."

Naisiae alikuwa kwenye benchi anamnyonyesha mtoto, anawatazama wote wawili, anatabasamu, hajui kitu. Mwamvua aliinama akashika mpini wa ndoo. Ilikuwa nzito, baridi. Maneno yote aliyoyapanga tangu Raskazone yalikuwa mdomoni. Akiyasema, Naisiae atasikia lile neno salama lilikuwa nini. Asiposema, Gadiel ataendelea kulibeba kosa lisilo lake, na kuificha alama yake kwa kola.

Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, ungeanza na neno gani, na ungemtazama nani wakati unalisema?